Kibarazani kwa Bwana Miti: Mwanzi wa Tukuyu, mchanga wa Newala

Toleo lililopita niligusia matenga ya nyanya na mianzi inayoyasukia, sentensi mbili tu, na barua zikamiminika. Basi leo ukurasa wote ni wa mianzi. Waliouliza habari za mivule na kangazi wanivumilie hadi toleo lijalo.

Shikamoo Bwana Miti. Kaka yangu anafanya kazi Tukuyu. Mwaka jana aliniletea miche ya ile mianzi minene ya Mlima Rungwe nikaipanda kwenye shamba langu la mikorosho hapa Newala, mwezi wa kwanza, mvua imekolea. Hadi mwezi wa tano ilikuwa ya kijani. Kufika Agosti yote imekauka, na maji niliyomwagia ni ya kununua kwa ndoo. Mvua yetu si haba. Kosa ni la udongo, la hewa au la mkono wangu? (Mkulima wa mikorosho, Newala)

Marahaba, mwanangu. Mkono wako uache. Umehamisha mti wa baridi ukauleta kwenye joto, kisha ukauweka juu ya mchanga, na yote mawili kwa pamoja hauwezi.

Mwanzi wa Rungwe ni mwanzi wa mlimani. Wataalamu wa mimea siku hizi wanauita Oldeania alpina. Ukikutana na vitabu vya zamani utaona Arundinaria alpina au Yushania alpina, ni ule ule. Makao yake ni juu, tangu mita 2,200 hivi hadi mita 3,000 na ushei: Rungwe, Meru, Oldeani, na kwa jirani zetu Mlima Kenya, Aberdare na Elgon. Huko usiku ni baridi kweli kweli, na ukungu unatua kwenye majani ukadondoka chini hata siku ambayo mvua haikunyesha. Udongo wake pale Rungwe umetokana na majivu ya volkano, ni mweusi na mlaini, una mboji, ukiukamua mkononi unahisi maji. Kwa kipimo cha Mtwara, Newala iko juu, nakubali, na nikija huko usiku wa Julai nabeba koti. Lakini hamfiki hata mita 1,000. Wala usiende kwenye uwanda wa Rondo kujaribu bahati, kwa sababu mikoa yetu yote miwili, Mtwara na Lindi, haina kilima cha kukupa mita 2,000.

Tena hata baridi na mvua havimalizi habari. Meru ina ukanda wa mianzi, lakini Kilimanjaro, jirani yake anayeonekana kwa macho, karibu haina, ukiacha vichaka vichache upande wa kaskazini. Kuna watafiti wanaohusisha jambo hilo na kukosekana kwa tembo kwenye miteremko ya kusini ya mlima ule, kwa kuwa tembo wakivunja msitu hufungua nafasi na mwanzi hupenya. Kwa hiyo mtu akikwambia "weka tu mvua na mbolea", mwitikie kwa adabu kisha uendelee na shughuli zako.

Sasa mchanga. Unasema mvua yenu si haba, na ni kweli. Sehemu nyingi za Mtwara na Lindi mvua ya mwaka inacheza karibu na milimita 1,000, na upo mwanzi wa asili wa nchi hii unaoishi kwa milimita 700 au 800. Lakini mvua yetu inakuja kwa mkupuo mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, halafu kifuku kikiisha tunabaki na kusi na jua mpaka mwisho wa mwaka. Nikija kumshauri mtu juu ya mwanzi simuulizi kapata milimita ngapi. Namuuliza maji yake yako wapi mwezi wa kumi.

Kwenu juu ya uwanda wa Makonde, mwezi wa kumi maji yako chini sana. Mchanga ule ni wa kina kirefu, mvua inaingia leo na keshokutwa imeshazama. Ndiyo maana uwanda mzima hauna mto wala kijito cha kudumu, na maji ya bomba mnayasukumiwa kwa pampu kutoka bondeni. Simama pale Shimo la Mungu utazame upande wa Ruvuma: chemchemi zinatokea chini, mguuni mwa mteremko. Ile mvua iliyozama juu ndiyo inayotokea kule.

Mkorosho haujali, kwa kuwa unashusha mizizi kina kirefu kufuata unyevu, na unatoa maua katikati ya kiangazi wakati wewe unapuliza salfa, ile dawa ya ubwiriunga. Mwanzi haujaumbwa hivyo. Una tunguu, yaani shina linalolala chini ya ardhi, na mizizi yake mingi imetandaa ndani ya nusu mita ya juu. Hiyo nusu mita, kwenye mchanga wa Newala, inakauka mapema kuliko kitu kingine chochote shambani. Maji yako ya ndoo yalipita hapo yakaenda zake.

Hapo hapo kuna salfa yenyewe. Utafiti uliofanywa kwenye mikorosho ya huku kusini ulionyesha kwamba salfa ikipulizwa miaka na miaka inaongeza uchachu wa udongo, na udongo wa kichanga ndio unaoumia zaidi kwa kuwa hauna nguvu ya kuuzuia. Mwanzi unavumilia uchachu kidogo, si wa kupindukia. Kabla hujapanda chochote kipya chini ya mikorosho mikongwe, waone wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele wakueleze udongo wako umefikia wapi. Na kivuli cha mkorosho nacho usikisahau. Mwanzi unataka jua.

Kama bado unataka mianzi, na naona unataka, basi shuka. Tafuta kipande mguuni mwa mteremko, au ukingo wa bonde ambapo maji hayatuami. Mwezi wa kumi, kabla ya mvua, chimba shimo la kina cha goti, chukua gao la udongo wa chini kabisa, ulikamate, ufungue vidole. Likimwagika kama sukari, ondoka hapo. Likibaki limeshikana na kiganja kikahisi ubaridi, mwanzi utaishi. Halafu rudi mwezi wa pili mvua zikiwa kali, ulitazame shimo lile lile asubuhi baada ya usiku wa mvua. Maji yakiwa bado yamesimama ndani, hapo napo hapafai, kwa sababu tunguu likikosa hewa linaoza. Udongo wa kichuguu unasaidia sana kwenye mchanga: una mfinyanzi, unashika maji, na wazee wamekuwa wakiuchanganya kwenye mashimo ya miche tangu zamani. Changanya na samadi iliyoiva, tandaza majani juu.

Na mche usiutoe Tukuyu. Soma jibu linalofuata ujue mwanzi wa kwetu ni upi.

Bwana Miti, mimi ni fundi wa matenga Nachingwea. Mianzi ninayokata kwenye mawe ni myembamba, imeshiba ndani, kuchana ni kazi. Ninayokata kando ya korongo ni mirefu, ina uwazi katikati, inachanika vizuri. Mwenzangu anasema ni aina mbili tofauti. Mimi nasema ni moja. Tuamue. (Fundi Matenga)

Nakupa ushindi wewe, lakini na mwenzako nitamwachia pa kupumulia.

Mwanzi wa asili wa huku kwetu, Nachingwea, Liwale na pande hizo, ni mwanzi wa nyika, Oxytenanthera abyssinica. Ni mti wa kiangazi hasa. Unaota kwa mafungu, hautambai kama ule wa mlimani. Mwezi wa tisa ukiupita utadhani umekufa, majani yamepukutika na fito zimekuwa rangi ya majani makavu ya paa. Mvua za kwanza zikishika, machipukizi yanatoboka ardhini yakiwa na unene wao wote tayari. Mwanzi haunenepi baada ya kutoka, unarefuka tu, na msimu mmoja wa mvua unatosha kuufikisha kimo chake. Anayejua kuukata anajua pia zile nywele za kahawia kwenye maganda ya chipukizi, zinavyoganda kwenye kifundo cha mkono na kuwasha mpaka jioni.

Tabia yake ni hii: pakavu unashiba, panapokuwa na unyevu unarefuka na kuacha uwazi. Kwenye mawe, udongo ni haba na maji yanaisha haraka. Tunguu linalisha machipukizi machache, membamba, yenye ukuta mnene, mengine hayana tundu kabisa ila kidoa katikati ya pingili. Kando ya korongo tunguu lina akiba, linasukuma mwanzi mnene na mrefu wenye pingili ndefu, na pingili ndefu ndiyo furaha ya mchana fito, kwa kuwa kisu hakikutani na fundo kila mara. Kwa hiyo wewe na mwenzako mnakata mti mmoja uliokulia nyumba mbili.

Na kwa nini unakubali kuota kwenye mawe hata kidogo? Watu wanaona mwamba wanadhani ni ukame mtupu. Njoo Masasi uangalie vilima vyetu. Mwamba hauli maji. Mvua yote inayopiga kwenye ule uso mpana inateleza na kumwagikia ukanda mwembamba pale chini, mwamba unapokutana na udongo. Kipimo cha mvua kitaandika milimita 900, lakini ule ukanda umekunywa mara kadhaa ya hizo. Tena maji yanajificha kwenye nyufa, jua haliyafikii. Miti mingi ya huku imegundua siri hiyo. Mwanzi unapata maji, na papo hapo hautuamishiwi maji kwa kuwa pana mteremko. Hicho ndicho unachokitaka. Ukitaka kuona kinyume chake, nenda kwenye mbuga za udongo mweusi: masika ni tope la kuzamisha mguu, kiangazi umepasuka nyufa za kuingia mkono. Tunguu huzama kwanza, halafu linakatwa na nyufa. Huko mwanzi wa nyika hukuti fungu la maana.

Moto nao umo. Nyika yetu inaungua karibu kila mwaka, na mwanzi huu umeizoea hali hiyo kwa kuwa tunguu liko chini ya moto. Fito za juu zikiungua, kifuku kinachofuata unachipua. Hata hivyo fungu linaloungua kila mwaka na kukatwa kila mwaka linadhoofika, machipukizi yanazidi kuwa membamba. Wewe kama fundi lako ni hili: usikate wa mwaka huu wala wa mwaka jana. Kata uliokomaa, wa miaka mitatu kwenda juu, ambao ganda limekwisha kudondoka na ngozi imefifia. Kata kiangazi, wakati chakula chake kimepungua ndani, bungua hataupenda sana.

Sasa mwenzako. Kagua kama kando ya hilo korongo zamani palikuwa na nyumba au misheni au kambi. Watu wamepanda sana mwanzi wa bustani, Bambusa vulgaris, wenye asili ya Asia, wa kijani tupu au wa manjano wenye michirizi ya kijani. Huo una uwazi mkubwa siku zote na haujali kukaa mtoni. Kama ndio anaoukata, basi kweli ni aina mbili, na mmalizane kwa soda.

Mzee wetu, huku Liwale mianzi imetoa kitu kama masuke ya mpunga. Fungu zima, na la jirani, na la ng'ambo ya kijito. Sasa inakauka. Wazee wanasema ni dalili ya njaa. Tufyeke tuchome? (Mama wa Liwale)

Msichome, mama yangu. Mmeona jambo ambalo watu wengi hawalioni maishani.

Mwanzi wa nyika hukaa miaka mingi bila ua, halafu mafungu ya eneo zima yakatoa maua kwa pamoja, yakazaa mbegu, yakafa. Si ugonjwa. Mafungu ya asili moja yana saa moja, ndiyo maana la ng'ambo nalo limefuata. Njaa wanayoisema wazee ina mzizi wake, siwabezi: mbegu zikiwa nyingi panya wanaongezeka, mbegu zikiisha panya wanahamia ghalani. Fungeni vihenge, wekeni paka.

Mbegu zikidondoka kifuku kikashika, chini ya mafungu makavu kutaota majani mtadhani ni nyasi. Ni miche. Moto wa Agosti mwaka huo ukipita hapo, miche haina tunguu la kuizalia tena, itakwisha yote, na hapo ndipo kijiji kitakaa miaka bila mwanzi. Ombeni serikali ya kijiji ikate njia ya moto kuzunguka eneo, ng'ombe na mbuzi wasiingie misimu miwili mitatu. Fito zilizokauka mnaweza kukata mkajengea, lakini haraka, maana mwanzi uliokufa kwa maua haudumu sana. Kama eneo liko kwenye msitu wa hifadhi wa serikali, kibali kinatoka kwa Wakala wa Huduma za Misitu. Kama ni msitu wa kijiji, ni kijiji chenyewe.

Mkusanye na mbegu kidogo mziatike mapema, zisikae hadi msimu mwingine.

Bwana Miti, nimeishi Mafinga nikakuta watu wanagema ulanzi kwenye mianzi. Huku Lindi mianzi ipo, mbona hakuna anayegema? (Kijana wa Lindi mjini)

Mwanzi wa ulanzi wa Iringa na Njombe ni wa ukoo huo huo wa Oxytenanthera. Kuna wanaouita Oxytenanthera braunii na kuna wanaouhesabu kuwa aina moja na wa nyika. Tofauti kubwa ni malezi na mahali. Kule mwanzi ni shamba: umepandwa karibu na nyumba na mabondeni, una mboji na samadi, na nchi iko juu, zaidi ya mita 1,500 sehemu nyingi, kwa hiyo jua halinyonyi unyevu kama letu. Machipukizi yanatoka manene. Mgemaji anakata ncha ya chipukizi changa, anatega kikombe cha mwanzi, kila siku anaparua kidonda upya, na utomvu unachacha wenyewe. Ni kazi ya miezi ya mvua tu.

Wa kwetu unaota porini, umeungua, umekatwa, chipukizi lake ni la unene wa kidole gumba. Utagema nini hapo? Na chipukizi lililogemwa halitakuwa fito tena, fundi wa Nachingwea atakushitaki. Kwa jambo la kileo Lindi haijapungukiwa, mabibo yapo.

Nataka kupanda mianzi ya manjano iwe uzio wa nyumba ya wageni Mikindani, upande wa mikoko. Itakubali? (Mjasiriamali)

Upande wa mikoko hapana. Maji ya chumvi yakipanda yatauunguza ncha za majani, kisha fungu zima. Upande wa barabara, mbali na bamvua, inawezekana ukiwa na maji ya kumwagilia kiangazi na udongo wa kuletwa, kwa sababu chini yako ni mwamba wa matumbawe na udongo juu yake ni wa kupimwa kwa vidole. Kama hutaki gharama hiyo, panda minyaa.

Shamba langu liko kando ya Mto Lukuledi. Kila kifuku mto unakula hatua kadhaa. Nimeambiwa mwanzi unazuia. Nipande upi, na nipande wapi hasa? (Mkulima wa bondeni)

Mwanzi wa nyika, juu ya ukingo, si ndani. Mizizi yake na matunguu yanafunga udongo wa juu vizuri, lakini ukiutia miguu majini utaoza kama nilivyomweleza mwenzako wa Newala. Acha nafasi ya hatua nne au tano kati ya fungu na fungu, maana yatapanuka. Chimbua matunguu yenye kipande cha fito ya mwaka mmoja au miwili, uyafunike kwa magunia mabichi njiani, na uyapande mvua za kwanza zikishalowesha ardhi vizuri. Ukichelewa hadi Machi hayatapata muda wa kushika kabla ya kusi.

Jua pia kwamba Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli zinazoweza kuharibu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kupanda mti wa asili wa kuhifadhi si sawa na kulima mahindi hapo, lakini pita kwanza kwa watu wa Bodi ya Maji ya Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini, ofisi yao iko Mtwara, wakuelekeze. Na yale matete yaliyoota yenyewe chini, mguu ukiwa majini, usiyafyeke. Hayo ndiyo mstari wako wa kwanza, mwanzi ni wa pili.